Mbwa mchanga anapoanza kuuma na kubweka ovyo

Wafugaji wengi wa mijini hushangaa mbwa wao mtiifu anapofikisha miezi sita hadi minane, kisha akaanza kung'ata mikono, kurarua viatu na kubweka usiku kucha. Wengi humchapa au kumfunga mnyororo mchana kutwa, hatua ambazo aghalabu humzidishia ukali.

Chanzo ni balehe. Utafiti uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2020 ulionyesha kuwa mbwa wa miezi minane hupuuza amri ya mlezi wake kuliko alipokuwa na miezi mitano, ilhali mgeni humtii. Kwa walio wengi hali hiyo hupungua wakifikisha mwaka mmoja.

Anapong'ata wakati wa mchezo, mchezo na ukome papo hapo, bila kelele wala kofi. Baadaye apewe kitu kigumu cha kutafuna. Kumkemea anayebweka hakusaidii, kwani huona bwana wake naye anabweka. Mara nyingi kinachomchokoza ni wapita njia anaowaona getini. Ahamishiwe nyuma ya nyumba, atembezwe asubuhi na jioni, na atuzwe anaponyamaza. Jirani naye ana haki ya kulala.

Lisilo la mzaha ni kichaa cha mbwa. Chanjo huanza mbwa akiwa na miezi mitatu na hurudiwa. Mtoto akitobolewa ngozi, hata na mbwa wa nyumbani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo.