Saa yangu iliyoogopa giza

Likizo iliyopita niliibeba saa yangu ya taa za Nixie kutoka Sumbawanga mjini mpaka Kasanga, nikaiweka juu ya kabati sebuleni kwa mjomba. Mchana kutwa namba zake za rangi ya machungwa ziliwaka vizuri tu. Usiku umeme ukakatika, uliporudi taa tatu zikawaka, ya kwanza kushoto ikagoma. Kulikuwa giza totoro, balbu ya sebuleni ilikuwa imezimwa. Mjomba akaiangalia, akasema, "Mpwa wangu, hii saa yako inaogopa giza?"

Nilicheka. Kumbe alikuwa amegusa penyewe.

Kama hujawahi kuiona, Nixie ni kichupa cha kioo chenye nyaya kumi zilizokunjwa kuwa namba 0 hadi 9, zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Kila namba ni kathodi, yaani upande wa hasi. Mbele yake kuna wavu mwembamba, ndio anodi. Ndani kuna gesi ya neoni kidogo sana. Ukiipa namba moja umeme wa kutosha, gesi inayoizunguka inang'aa. Kampuni ya Burroughs ya Marekani ilizileta sokoni mwaka 1955, zikatumika kwenye vyombo vya kupimia hadi LED zilipochukua nafasi yake miaka ya 1970. Zangu ni za Kisovieti, aina ya IN-12, na dukani hapa hupati spea. Ndiyo maana sikutaka kuitupa kabla sijajua inaumwa nini.

Wazo langu la kwanza lilikuwa mwinuko. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kasanga iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kama mita 770 tu. Hewa ya huku chini ni nzito zaidi. Lakini fikiria kidogo: kichupa kimezibwa. Gesi iliyo ndani haijui kama uko milimani au ziwani. Wazo hilo nikalifuta.

Kisha nikamulika ile taa kwa tochi ya simu. Ikawaka papo hapo! Nikazima tochi, ikaendelea kuwaka.

Hapa ndipo fizikia inapoingia. Neoni ya kawaida haipitishi umeme. Ili mambo yaanze, lazima ipatikane elektroni moja huru, ivutwe na anodi, igonge atomu, itoe elektroni nyingine, nazo zigonge nyingine. Hiyo ya kwanza inatoka wapi? Mara nyingi mwanga unaichomoa kwenye uso wa chuma. Gizani inabidi kusubiri miale inayotoka angani au mionzi kidogo ya asili iliyopo kila mahali. Taa ikishawaka inazalisha elektroni zake yenyewe, haihitaji tena msaada. Na kwa kuwa kila taa nimeichimbia kijumba chake ndani ya mbao, hazikuweza kuangaziana.

Lakini taa nzima yenye volti za kutosha haiwezi kugoma usiku mzima. Giza lilinionyesha tu kwamba kuna udhaifu mahali. Kwa hiyo nikapima. IN-12 inaweza kuhitaji mpaka volti 170 ili iwake, ikishawaka inabaki na kama 140. Saketi yangu inapandisha volti 12 za adapta, na nilikuwa nimeiweka 170 kamili. Kosa langu: nilipima kabla sijachomeka taa. Taa zikiwa zinawaka, mita ilisoma 158 tu.

Angalia hesabu yake. Kila taa ina rezista ya ohmu 15,000 kwenye anodi. Toa 140 kwenye 158, unabaki na volti 18. Gawa kwa 15,000, unapata miliampia 1.2, wakati taa inataka 2 hadi 3. Nikapandisha hadi 175 taa zikiwa zinawaka: volti 35 kwa rezista ileile zinatoa miliampia 2.3. Hapo sawa. Usiondoe hiyo rezista kamwe, maana gesi ikishawaka haijizuii. Mkondo utapanda mpaka kitu kiungue.

Kabla ya hapo nilikuwa nimebadilishana taa ya kwanza na ya mwisho. Jaribio hili ni la bure na linasaidia sana. Tatizo likihama na taa, chunguza taa. Likibaki palepale, chunguza soketi, transista na sehemu ulizolehemu. Langu lilihama na taa, na likaja na jipya: kwenye dakika, namba 7 iliwaka nusu.

Sababu ni kutotumika. Taa ya makumi ya saa huonyesha 0, 1 na 2 tu. Namba inayowaka hurusha chembe za chuma, nazo huganda juu ya zile zilizolala. Niliiacha 7 iwake peke yake usiku kucha, na asubuhi ilikuwa karibu nzima. Lakini ukiona taa inatoa mwanga wa zambarau au haiwaki kabisa hata kwa volti sahihi, huenda hewa imeingia, na hiyo haitibiki.

Tahadhari moja, tafadhali. Volti 170 zinaweza kuua, na kapasita hubaki na umeme hata ukishachomoa adapta. Chomoa, subiri, pima, ndipo uguse. Watoto wakae mbali.

Usiku wa tatu tulizima kila kitu, tukakaa gizani kidogo, nikawasha. Zote nne zikaitika. Mjomba akauliza kwa nini inasoma 20 wakati ni saa mbili usiku, basi nikaibadilisha isome saa ya Kiswahili. Sasa taa ya kwanza inatumia 0 na 1 tu, kwa hiyo nimeongeza programu inayozungusha namba zote kila usiku wa manane. Ukitengeneza yako, anza na hilo.