Rekodi za Songea, kuanzia ghalani hadi sahanini

Njaa mbaya kuliko zote: ile iliyofuata Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Chini ya Gavana Götzen, majeshi ya Wajerumani yalichoma vyakula na mashamba makusudi, na Ungoni, nchi ya Wangoni hapa Songea, ikaumia vibaya. Waliokufa kusini nzima hukadiriwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi kwa njaa wala si kwa risasi.

Kilimo cha werevu kuliko vyote: ngoro za Wamatengo wa Mbinga, jirani na Songea, na hapa sitaki ubishi. Nyasi hufyekwa, zikalazwa kwa mistari inayokatana mlimani, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kufunika nyasi hizo. Hubaki mashimo ya kunasa maji ya mvua, na maharage au mahindi huota juu ya matuta yenye mbolea ya nyasi zilizooza.

Sera iliyogeuza mlo kuliko zote: bei moja ya mahindi nchi nzima, katikati ya miaka ya 1970. Mkulima wa Songea, kilomita zaidi ya 900 kutoka Dar es Salaam, akalipwa na Shirika la Usagishaji la Taifa sawa na aliye jirani na soko. Mbolea ya ruzuku nayo ikaja, kisha barabara ya lami kutoka Makambako katika miaka ya 1980. Mahindi yakatanda, ulezi ukabakia wa uji na pombe.

Unga uliosemwa vibaya kuliko wote: ule wa njano kutoka Marekani, wa miaka ya uhaba. Watu waliuita yanga, na hata mashabiki wa timu ya soka ya Yanga hawakuusifu.

Sasa rekodi ambayo haipigiwi makofi. Mkoa wa Ruvuma, wenye Songea, hutajwa miongoni mwa vinara wa chakula nchini, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta huko watoto 36 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Wastani wa taifa ulikuwa 30. Iringa, Njombe na Rukwa, nazo za mahindi, ndizo zilizoongoza kwa udumavu. Mahindi yapo tele, shida ni kwamba mtoto hunyweshwa uji wa sembe asubuhi, mchana ugali na majani. Maharage ya kuongezea huuzwa. Na mashine ya kukoboa huondoa kiini na ganda, sehemu yenye mafuta na vitamini, na nguruwe ndio hupewa pumba hizo.