Masisi: Taarifa ya habari ianzie barabara ya Mushaki, si ukumbi wa semina

Mfanyabiashara wa viazi wa Mushaki, kabla hajapakia magunia kwenye lori la kushuka Sake, anahitaji majibu ya maswali matatu. Je, barabara inapitika leo? Vizuizi viko wapi na vinatoza kiasi gani? Gunia linauzwa bei gani sokoni Goma?

Akiwasha redio, au akifungua kwenye simu video ya televisheni ya Goma, mara nyingi hukutana kwanza na semina iliyofunguliwa hotelini, majina ya wageni waheshimiwa na tangazo la afisa lililosomwa neno kwa neno. Majibu ya maswali yake huyapata kwa madereva wa pikipiki.

Vituo vya matangazo vya Goma na Masisi vinalalamika kwamba watazamaji na wasikilizaji wamehamia WhatsApp. Lakini wamekwenda kutafuta kile ambacho taarifa ya habari imeacha kuwapa, na kukirudisha hakuhitaji kamera mpya wala studio ya kifahari.

Mji mdogo, habari kubwa

Mushaki iko kwenye milima ya Masisi, juu ya Sake, katika barabara inayopanda kuelekea Rubaya. Ni nchi ya malisho, maziwa, jibini na viazi. Kwa sababu anayeishika Mushaki anaitazama Sake kutoka juu, na Sake ndiyo mlango wa Goma, mji huu umepiganiwa mara nyingi. Desemba 2007 jeshi la serikali liliuteka kutoka kwa wapiganaji wa Laurent Nkunda, likaupoteza siku chache baadaye. Februari 2023 uliingia mikononi mwa M23. Baadaye vikosi vya Burundi vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vilipelekwa eneo hilo, na Desemba 2023 M23 wakaurudia. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma yenyewe ilianguka.

Kwa mkazi wa eneo kama hilo, habari ndiyo inayomwamulia kama atalima au atafunga mizigo, kama watoto watakwenda shule au watalala msituni. Habari ya uongo inaweza kuihamisha familia usiku bila sababu, au kuibakiza mahali ilipopaswa kuondoka.

Anayelipa ndiye anayepanga

Umaskini wa vituo unachangia sana. Baada ya Goma kuanguka, benki zilifunga milango na matangazo ya biashara yakapungua, huku mafuta ya jenereta yakiendelea kuhitajika kila siku. Katika hali hiyo, kile wanahabari wa Kongo wanachokiita coupage, yaani bahasha anayopewa mwandishi na mwandaaji wa shughuli, kimekuwa mshahara wa wengi. Matokeo yake yanajulikana: semina iliyolipiwa hufungua taarifa, na daraja lililovunjika, ambalo halina wa kulilipia, hukosa nafasi.

Redio kadhaa za mashariki mwa Kongo zilizoea pia kujaza saa zao kwa kurusha matangazo ya idhaa za kimataifa. Machi 2025, Sauti ya Amerika iliponyamazishwa na serikali ya Marekani, lilibaki pengo. Kituo chenye habari zake chenyewe kina cha kusema saa hiyo. Kisicho nazo hupiga muziki.

Funzo la volkano

Mfano wa karibu ni mlima Nyiragongo. Ulilipuka jioni ya Mei 22, 2021. Alfajiri ya Mei 27, gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, aliamuru wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waondoke, na maelfu wakashika njia ya Sake.

Siku ile kila mtu alitaka kujua mambo machache tu: mtaa wangu umo kwenye orodha? Nielekee wapi? Maji yako wapi? Taarifa bora kwa siku kama hiyo ni ile inayosoma majina ya mitaa kwanza, polepole, kisha inayarudia, na kuyaacha maneno ya viongozi mwishoni. Kanuni hiyo haihitaji kungoja volkano.

Mambo ya kubadili

La kwanza ni mpangilio. Taarifa ifunguliwe kwa kilichobadilika tangu jana katika maisha ya watu: barabara, soko, shule, zahanati, usalama. Semina ikibaki, isomwe kwa sentensi mbili, na iseme inamletea nini mkulima.

La pili ni uthibitisho. Habari ya mapigano isirushwe kwa chanzo kimoja, hasa chanzo hicho kikiwa mmoja wa wanaopigana. Kisichothibitishwa kitajwe hivyo hivyo: kituo kimesikia hili, bado kinalifuatilia. Msikilizaji hudharau kituo kinachobahatisha, hamdharau anayekiri kwamba bado anatafuta.

La tatu ni picha. Video za vita vya zamani huzungushwa mitandaoni kama za leo. Televisheni inayoandika mahali na tarehe kwenye kila picha, na kukataa isiyo na asili, tayari imejitofautisha na WhatsApp.

La nne ni lugha. Masisi kuna Kihunde, Kinyarwanda na Kiswahili, lakini matangazo rasmi huandikwa kwa Kifaransa cha ofisini. Kuyatafsiri neno kwa neno hakutoshi. Yaelezwe kwa Kiswahili ambacho mama wa sokoni atamsimulia jirani bila kupoteza maana. Katika eneo lenye makabila yanayotiliana shaka, neno moja la dharau kwa jamii fulani linaweza kuwasha moto, kwa hiyo mhariri alipime kabla halijatoka.

La tano ni kushirikiana. Kituo kimoja hakiwezi kuweka mwandishi Mushaki, Rubaya, Kitchanga na Walikale. Vituo vinne vinaweza, kila kimoja kikilipa mmoja na kugawana sauti. Televisheni ya Goma inaweza pia kutuma sauti ya taarifa yake kwa redio za jamii, kwa kuwa vijijini redio ndogo ya betri inafika pasipofika skrini.

Radio Okapi, iliyoanzishwa Februari 25, 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, ilionyesha kwamba mtandao wa waandishi wa mikoani unaweza kusikilizwa pande zote za nchi iliyogawanyika. Fedha zake hazilingani na za redio ya jamii, lakini desturi ya kutenganisha habari na maoni haina gharama.

Uhai kwanza

Hakuna ushauri wa habari unaokamilika bila usalama. Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008, wote wa Radio Okapi, waliuawa kwa risasi Bukavu. Septemba 2024 Edmond Bahati wa Radio Maria aliuawa Goma. Mwandishi wa kijijini, anayejulikana na kila mtu, yumo hatarini zaidi. Kituo kinaweza kutotaja jina lake, kusomea habari zake mjini, na kumruhusu akatae kazi bila kupoteza posho.

Mwisho, kituo kikikosea, kisahihishe saa ile ile kilipokosea, siku inayofuata. Dereva wa pikipiki anayetoa habari mbovu ya barabara hupoteza abiria, na vituo vya habari havina kinga dhidi ya sheria hiyo. Siku mfanyabiashara wa Mushaki atakapowasha redio kabla ya kumuuliza dereva, taarifa ya habari itakuwa imerudi kazini.