Sauti Inayomrusha Morani

Picha ya morani aliye hewani, mwili umenyooka kama mkuki, imezunguka dunia nzima. Sauti iliyomrusha imeachwa nyuma mara nyingi.

Moshono, mashariki mwa jiji la Arusha, ni eneo la Waarusha: wakulima wa migomba na kahawa chini ya Mlima Meru, wanaozungumza Kimaa na kufuata marika kama ndugu zao Wamasai wafugaji. Mruko ule wa kwenye picha, adumu kwa Kimaa, ni wa morani, na kwa Wamasai kilele chake ni Eunoto, sherehe ya kuwapandisha vijana hao daraja kuelekea utu uzima.

Hakuna ngoma inayopigwa. Olaranyani, mwanzilishi wa wimbo, hutoa mstari wa kwanza. Wenzake huitikia kwa mlio mzito wa kooni, wakirudia vipande vifupi vinavyopishana, huyu akipokea pale mwenzake alipoachia. Pumzi ndiyo mapigo. Anayeitoa huinamisha kichwa mbele, anayeivuta hukirudisha nyuma, na shanga pana za wasichana hudunda mabegani kwa mwendo uleule. Kisha mmoja au wawili huingia kati na kuruka bila kisigino kugusa ardhi. Kadiri wanavyopanda, waimbaji nao hupandisha sauti. Ukiiondoa sauti hiyo, kinachobaki ni mazoezi ya viungo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali ya Tanzania ilifanya kampeni ya kuwataka Wamasai waache rubega na kuvaa suruali. Leo rubega hiyohiyo inapamba matangazo ya utalii wa Tanzania, na vijana wa Kimasai wanaruka mbele ya wageni katika hoteli za Zanzibar, mbali na ng'ombe na mbali na rika zima linalopaswa kuwaitikia. Ni kazi halali inayowapa riziki, lakini kundi la watu wachache haliwezi kutoa ule mlio. Hata Kili Paul, Mtanzania aliyepewa heshima na ubalozi wa India mwaka 2022, alipata umaarufu mtandaoni akiwa amevaa rubega huku akifuatisha kwa midomo nyimbo za Kihindi.

Arusha yenyewe ilitoa njia nyingine. Kundi la hip hop la X Plastaz, lililoanza miaka ya 1990, lilimshirikisha Merege, mwimbaji wa Kimasai, na mwaka 2004 albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitolewa na Out Here Records ya Ujerumani. Faza Nelly, mmoja wa nguzo za kundi hilo, alifariki mwaka 2006; mwenzake Gsan alichana kwenye tuzo za hip hop za BET, Marekani, mwaka 2009. Kilichosafiri ndani ya albamu ile hakikuwa mruko. Msikilizaji wa Ulaya, asiye na picha ya kutazama, alikutana kwanza na koo la Merege likiimba katikati ya mashairi ya Kiswahili.