Ukoo wa butiki na ukoo wa walimu: namna ya kusoma mti wa jamaa zetu Kasongo na Kabambare



Kwetu Maniema ya kusini kuna jamaa kubwa ambazo kila mtu anazijua kwa mambo mawili: butiki na dini. Mzee mmoja anauza chumvi, sabuni na vitambaa, mdogo wake anafunga mfuko na kwenda kijiji kwa kijiji kufundisha watoto Kurani. Kizazi kinachofuata iko vilevile: mmoja kwenye duka, mwingine kwenye msikiti, na siku hizi wa tatu ni katekista au mchungaji. Ukiuliza wametoka wapi, jibu ni fupi: "Sisi tuko wana wa Waarabu." Wengine wanaongeza: "Tuko wa Tipo Tipo mwenyewe."

Jibu hilo si la kucheka, lakini pia si la kumeza bila kutafuna. Siku ya kugawa parsele au mashamba ya mchikichi ya marehemu, linageuka kuwa silaha. Utasikia mtu anasema polepole: "Ule hana neno humu, nkambo yake alikuwaka wa kununuliwa." Hapo ukoo umeacha kuwa hadithi ya jioni, umekuwa swali la nani atalima na nani atafukuzwa. Ndiyo maana nataka tuone namna ya kusoma ukoo kama huu kwa akili ya msomi.

Tuanze na hesabu. Hamed bin Muhammed al-Murjebi, yule tunayemwita Tipo Tipo, alizaliwa Zanzibar karibu mwaka 1837 na akafa hukohuko mwaka 1905. Alifika upande wa Kasongo katikati ya miaka ya 1870. Stanley alimkuta huku mwaka 1876. Mwaka 1890 aliondoka kurudi Zanzibar, akamwacha mtoto wake Sefu Kasongo. Askari wa Leta ya Leopold II waliingia Nyangwe mwezi wa tatu 1893 na Kasongo mwezi wa nne. Sefu akafa katika vita hivyo mwaka uleule, na Kabambare ikaanguka mwezi wa kwanza 1894. Basi utawala ule kwetu haukufikisha miaka 20. Tangu 1875 mpaka leo ni karibu miaka 150, na tukihesabu miaka 25 au 30 kwa kizazi, ni vizazi vitano au sita. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa 1960 akisema Tipo Tipo ni baba wa baba yake, kuna wazee wawili hivi waliosahauliwa katikati. Pengine ukoo ni wa kweli na majina ndiyo yamepotea. Kazi ni kuwatafuta hao wawili.

Pili, tusome majina. Kwa Waswahili wa pwani mnyororo wa "bin" unapanda kwa baba: Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab. Mwishoni linakuja jina la kabila la Uarabuni: al-Murjebi, al-Barwani, al-Lamki. Wengi hapa wanateleza. Mtumwa aliyeachwa huru mara nyingi aliendelea kuitwa kwa jina la nyumba ya bwana wake, na wana wake pia. Kwa hiyo jina la kabila linakuonyesha nyumba, halikuonyeshi damu. Na "bin Abdallah" nayo inataka macho. Abdallah maana yake ni mtumwa wa Mungu, na jina hilo lilipewa mara nyingi kama baba wa mtu aliyeingia dini bila kuwa na baba Mwislamu. Si kila bin Abdallah ni hivyo, lakini ukilikuta juu kabisa kwenye mnyororo, simama uulize.

Tatu, tuwatafute wanawake. Wafanyabiashara wale hawakuja na mabibi wengi kutoka pwani. Walioa huku, au walichukua wanawake wa huku kwa nguvu. Kwa hiyo jamaa nyingi za "Waarabu" kwa upande wa mama ni Wabangubangu, Wakusu, Wazimba. Na sheria ya Kiislamu yenyewe ilikuwa wazi: mtoto wa mtumwa mwanamke, baba akimkubali, ni huru na anarithi sawa na ndugu zake wa ndoa. Yaani hata kwa sheria ya wankambo hao wanaotajwa, neno la "mama yake alinunuliwa" halikutosha kumfukuza mtoto kwenye urithi.

Mfano mzuri wa nguvu ya upande wa mama ameutoa Tipo Tipo mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake alichokieleza kwa Kiswahili na ambacho Mjerumani Heinrich Brode alikichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Alipokuwa anakaribia Utetera, alikuwa amesikia kwamba ndugu wa kike wa shefu mzee Kasongo Rushie walitekwa zamani na kupelekwa Urua. Akatangaza kwamba nkambo yake mwanamke ni mmoja wao, na yeye ni mjukuu aliyerudi nyumbani. Mzee akampokea kama damu yake na kumwachia utawala. Mtu mmoja, koo mbili: pwani yeye ni Murjebi kwa baba, Utetera ni mwana wa ardhi kwa nkambo. Hiyo ya pili aliitunga, lakini ilimpa watu, pembe za ndovu na nchi. Tukumbuke hilo kila tunaposikiliza ukoo unaosemwa siku ya kugawa mali: tuulize pia unamnufaisha nani.

Na walimu je? Watu wanadhani Uislamu ulienea kwa bunduki za wafanyabiashara. Kwa kweli hao walitafuta zaidi pembe na watumwa kuliko wanafunzi. Dini ilishika mizizi hasa baadaye, chini ya Wabelgiji, kwa kazi ya walimu wadogo waliotembea kwa miguu. Njia yao ilikuwa ileile ya misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kuvuka ziwa mpaka Mtowa, halafu Kabambare, Kasongo, Nyangwe. Katika miaka ya 1920 tarika ya Kadiria ilipita humo kutoka upande wa Kigoma, na wafuasi wake wakaitwa muridi. Serikali ya kikoloni iliwaogopa na kuwabana. Waislamu wengi waliepuka shule za misheni kwa hofu ya watoto kubatizwa, na bila masomo ya Leta kazi ya ofisi ilikuwa mbali. Kilichobaki ni cherehani, shamba la mpunga na butiki. Ndiyo sababu duka na uwalimu vimekaa nyumba moja: duka lilimlisha mwalimu, na safari za mwalimu zilimletea ndugu yake wateja.

Mtu anayetufundisha zaidi ni Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Jina lake ni Yahya bin Abdallah. Alitekwa akiwa mtoto upande wetu wa Manyema na kupelekwa pwani, akawa mtumwa katika nyumba ya al-Lamki. Alipopata uhuru alianza na biashara ndogo ya samaki, akanunua mashamba ya minazi, akasoma dini, akafungua madrasa, akawa kiongozi mkubwa wa Kadiria. Mwaka 1916 Waingereza walipochukua mji, walimfanya liwali, cheo ambacho bwana wake wa zamani alikuwa nacho. Akafa 1931, na mtoto wake Muhammad akashika nafasi yake. Biashara, dini na utumwa katika mtu mmoja, na hakuna Bagamoyo anayeona ukoo huo kuwa aibu. Kumbe mtoto wetu aliyeuzwa ndiye aliyewafundisha watu wa pwani dini!

Kwa sisi wa agronomia jambo hili si geni. Mpunga wa Kasongo nao ulikuja na misafara ile. Leo hakuna anayeuita mgeni, ni chakula chetu, lakini anayetaka kuchagua mbegu vizuri lazima ajue ilitoka wapi na ilichanganyika na nini. Ukijua asili hufukuzi mbegu, unajua tu namna ya kuilima.

Na sheria ya leo? Kodi ya Familia ya mwaka 1987 inawaweka watoto wote wa marehemu, wa ndoa na wa nje ya ndoa waliokubaliwa na baba akiwa hai, wa kike na wa kiume, katika kundi la kwanza la warithi, na robo tatu ya mali ni yao, kwa sehemu sawa. Haiulizi nkambo alikuja na msafara kama mwenye bunduki au kama mwenye mzigo kichwani.

Basi, likizo hii chukueni kaye. Kaeni na wazee, na hasa na wamama, maana wao wanakumbuka nani alinyonyesha nani. Andikeni majina, kijiji cha kila mama, na nani alikuwa hai wakati wa vita gani. Linganisheni na vitabu vya ubatizo vya parokia, vinavyotaja baba na mama, na daftari za zamani za duka, zinazotaja wadeni na ndugu. Ukikuta nkambo aliyenunuliwa, muandike kwa jina lake, mstari uleule na wengine. Wazee wanaondoka kila mwaka, na vita vilitawanya wengi mbali na makaburi yao. Jina lisiloandikwa sasa, siku ya kugawa shamba litatungwa na mwenye sauti kubwa.