Somo la Redio: Kuhama Kutoka Kitochi Kwenda Simu ya Kupangusa

Natumaini mmeketi vizuri na kila mmoja wenu ana daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matano haya kabla hatujaendelea: laini, kioo, salio, tarakimu, namba ya siri. Ningoje kidogo.

Vyema. Leo nazungumza hasa nanyi ndugu wa Issuna, hapo kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Manyoni na Dodoma, ingawa wa Ikungi na kwingineko pia watapata la kuwafaa. Wengi wenu ni wakulima wa alizeti na mtama, na akina mama wengi wafuga kuku. Siku hizi mnunuzi haji na noti mfukoni. Huja na simu. Kwa hiyo baadhi yenu mmekwisha kununua, au mwafikiri kununua, simu ile pana isiyo na batani, ambayo wengine huiita simu janja na wengine simu ya kupangusa. Somo letu ni hili: utahamaje kutoka kitochi chako cha zamani bila kupoteza majina ya watu wako, wala fedha yako, wala siri zako?

Kwanza tuondoe hofu ya kioo. Wako watu wazima ambao hushika simu hiyo kama yai, wakidhani kwamba wakigusa vibaya itaharibika. Haiharibiki kwa kuguswa. Juu ya kioo kuna utando mwembamba sana usioonekana, nao hupitiwa na umeme mdogo mno usioweza kumdhuru mtu. Mwili wa binadamu una maji na chumvi, kwa hiyo hupitisha umeme. Unapoweka kidole, umeme kidogo huvutwa mahali pale pale ulipogusa, na simu hupiga hesabu ijue ni wapi. Jambo hili si jipya kama watu wanavyodhani. Mhandisi E. A. Johnson wa Malvern, Uingereza, aliandika habari za kioo cha namna hii mwaka 1965, akikusudia kiwasaidie waongozaji wa ndege. Simu ya kwanza yenye kioo cha kugusa iliuzwa Marekani mwaka 1994, lakini zilienea baada ya 2007.

Sasa, kwa nini nimewaeleza habari za umeme? Kwa sababu mkijua hivyo mtaelewa mambo ambayo huwaudhi wengi. Ukigusa kwa ukucha au kwa kijiti, simu haisikii, maana hivyo havipitishi umeme. Mkulima mwenye sugu nene kidoleni aweza kugusa mara tatu bila jibu, akasema simu ni mbovu. Si mbovu. Atumie ubavu wa kidole, penye ngozi laini. Tone la maji juu ya kioo huichanganya simu, maana maji nayo hupitisha umeme. Basi ukitoka kupepeta alizeti au kuosha vyombo, nawa mikono, kausha, ndipo ushike simu. Tena gusa upesi na uachie. Ukikaza kidole muda mrefu, simu hudhani wataka jambo lingine, ikakuletea orodha usiyoiomba.

Kabla ya kulipa dukani, bonyeza *#06#. Itatokea namba yenye tarakimu 15, ambayo ni kama namba ya injini ya gari. Ilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye boksi. Kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090, nawe utajibiwa ni simu ya aina gani. Kama jibu lataja aina nyingine kuliko ile uliyoshika mkononi, mrudishie mwenye duka simu yake. Mwezi wa Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini Tanzania, na wengi walioona kwamba wamepata bei nafuu walibaki na kipande cha plastiki. Ukishanunua, iandike namba hiyo katika daftari, maana ikiibiwa utatakiwa kuitaja polisi.

Sasa twafika kwenye uhamaji wenyewe. Nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo mawili. Fedha yako ya M-Pesa, au ya Airtel Money, au ya mtandao mwingine, haimo ndani ya simu. Wala haimo ndani ya laini. Imo katika hesabu za kampuni, na fedha yenyewe huwekwa benki. Laini ni kama ufunguo tu wa kufikia hesabu hiyo. Kwa hiyo ukitoa laini kwenye kitochi ukaitia katika simu mpya, salio lako ni lile lile. Hata kitochi kikitumbukia kisimani, fedha haikulowa. Lakini majina ya watu ni habari nyingine. Majina mara nyingi yamo ndani ya kitochi chenyewe. Ukihamisha laini bila kuyahamisha, utafungua simu mpya ukute orodha tupu. Hebu fikiri: mnunuzi wa alizeti wa Manyoni, dereva wa lori, binti yako aliyeolewa Kiomboi, wote hawapo.

Dawa ni kunakili majina kwenye laini kabla ya kuitoa. Katika kitochi chenye Kiswahili fungua Majina, tafuta neno Nakili, kisha uchague kutoka simu kwenda laini. Laini nyingi huchukua majina kama 250, lakini jina refu hukatwa. Ukiwa umeandika “Mnunuzi Alizeti Manyoni” na “Mnunuzi Alizeti Puma”, huenda yote mawili yakabaki “Mnunuzi Alize”, usijue nani ni nani. Yafupishe kwanza. Na hata ukishanakili, mimi nashauri uyaandike yale ya lazima katika daftari kwa mkono wako. Daftari haliishiwi chaji. Kisha ndani ya simu mpya yahamishe tena, kutoka kwenye laini kwenda kwenye akaunti ambayo simu itakuomba ufungue unapoiwasha mara ya kwanza. Majina yaliyo katika akaunti hiyo hurudi hata simu ikipotea, mradi unakumbuka jina la akaunti na neno lake la siri.

Huenda laini yako ni ya zamani, ile pana, nayo simu mpya yataka ndogo kabisa. Usimpe fundi wa njiani aikate kwa mkasi. Nenda katika duka la kampuni ukiwa na namba yako ya NIDA. Watakupima alama ya kidole na kukupa laini ndogo yenye namba ile ile. Hapo pia uwe macho. Kidole kimoja chaweza kusajili laini mbili, moja yako na nyingine ya mtu usiyemjua, na maovu yatakayotendwa kwa laini hiyo yatasomeka kwa jina lako. Bonyeza *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usipoitambua mojawapo, rudi dukani siku hiyo hiyo.

Sasa namba ya siri. Ndugu zangu, nitasema wazi. Kabla hujajua kusoma, huenda ulimpa mtoto au wakala simu yako, ukamtajia namba ya siri ili akutolee fedha. Sikulaumu, hukuwa na njia nyingine. Lakini sasa wajua tarakimu zote, kuanzia 0 hadi 9. Siku unayohamia simu mpya ndiyo siku ya kubadili namba hiyo, na ubadili wewe mwenyewe, kwa kidole chako, mtu akiwa hayuko begani mwako. Usiweke mwaka wa kuzaliwa, maana umeandikwa katika kitambulisho chako. Wala usiweke 1234. Kadhalika kijana wa dukani aliyekuandalia simu ajua neno la siri la kufungulia kioo alilokuwekea. Likifika nyumbani, libadili nalo. Mimi huona kwamba jambo hili moja lina thamani kuliko mapambo yote ya simu janja.

Tuchukue mfano. Tuseme Mama mmoja ana kuku 10 kando ya barabara, na bei ni shilingi 20,000 kila kuku. Mnunuzi ashuka katika gari, asema atalipa kwa simu. Baada ya dakika ujumbe waingia: “Umepokea Tsh 200,000.” Gari languruma, dereva apiga honi, mnunuzi afunga kuku miguu. Mama afanye nini?

Aache honi ipigwe. Aangalie kwanza juu kabisa ya ujumbe, mahali pa jina la mtumaji wa ujumbe. Ujumbe wa kweli wa M-Pesa hutoka kwa jina la M-PESA. Ukitoka kwa namba ya mtu, kama vile 07 na tarakimu nyingine nane, umeandikwa na mtu kwa mkono wake, hata kama maneno yake yafanana kabisa na yale ya kampuni. Kisha asome salio jipya. Kama asubuhi alikuwa na shilingi 15,000, salio lazima liwe 215,000. Hiyo ni hesabu ya kujumlisha tuliyojifunza. Mwisho, na hili ndilo la hakika, asitegemee ujumbe wowote bali aulize salio mwenyewe kwa kubonyeza *150*00#, au namba ya mtandao wake. Ikiwa fedha haimo, kuku wabaki. Mnunuzi mwaminifu hatakasirika kungoja dakika mbili.

Kuna na ujumbe mwingine ambao bila shaka mmeupata: “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Mwandishi wake hakujui. Hutuma kwa maelfu ya watu, akitumaini kwamba mmoja wao yuko karibu kumtumia mtu fedha, naye atadhani ndiye. Usijibu. Utume ujumbe huo kwenda 15040 pamoja na namba iliyouleta, ni bure. Na mtu akipiga simu akataka umsomee tarakimu sita zilizoingia sasa hivi kwenye simu yako, kata. Tarakimu hizo ndizo ufunguo wa WhatsApp yako, na akizipata ataomba fedha kwa ndugu zako kwa jina lako.

Simu janja huleta hatari moja ambayo kitochi hakikuwa nayo, nayo ni mikopo ya programu. Utaona tangazo lasema upate mkopo kwa dakika tano bila dhamana. Unapoiweka programu hiyo, huuliza kama unairuhusu kusoma majina yako, na watu wengi hugusa Ruhusu bila kusoma. Dhamana ndiyo hiyo. Ukichelewa kulipa siku moja, wapiga simu kwa shemeji yako, kwa padri, kwa mwenyekiti wa kijiji, wakikutangaza. Watu wameipa mikopo ya namna hii jina la kausha damu. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Basi neno Ruhusu liandikeni katika daftari, na karibu yake neno Kataa. Jiulize: programu ya tochi yataka majina yangu ya nini?

Juu ya kifurushi nitasema kidogo. Kupiga na kutuma fedha kwa *150*00# hakuhitaji kifurushi cha intaneti. Picha na video ndizo hula. Simu mpya pia hujichukulia mambo kwa siri, ikijisasisha yenyewe usiku. Kwa hiyo zima data usipoitumia, hasa kabla ya kulala.

Lugha je? Fungua Mipangilio, tafuta Lugha, chagua Kiswahili. Tangu 2017 simu nyingi zaweza hata kuandika kile unachosema kwa Kiswahili. Ni msaada mkubwa kwa mtu mwenye mikono michafu shambani. Lakini wewe mwanafunzi wa darasa letu, kwa miezi ya kwanza andika kwa kidole, herufi kwa herufi. Mashine ikikuandikia kila kitu utasahau ulichokesha kujifunza.

Mwaniuliza, kitochi nikitupe? La, hasha. Chaji ya kitochi hukaa siku kadhaa, na ya simu janja mara nyingi haivuki siku moja ya kazi. Wengi hufanya hivi: laini ya fedha hubaki katika kitochi, na simu janja hutiwa laini nyingine kwa ajili ya picha za mazao na kuzungumza na wanunuzi. Naona ni mpango wa busara, hasa kwa mtu asiye na umeme nyumbani. Simu janja ikiibiwa, fedha haikwenda nayo. Ikiibiwa yoyote yenye laini ya fedha, azima simu ya jirani yenye mtandao huo huo, upige 100, uombe laini ifungwe mara moja, ndipo uende polisi.

Kazi ya darasa ni hii. Bonyeza *#06# na uandike tarakimu 15 katika ukurasa wa mwisho wa daftari. Andika majina kumi unayoyahitaji zaidi, pamoja na namba zake. Mwalimu naye aandike ubaoni ujumbe miwili ya kupokea fedha, mmoja wa kweli na mmoja wa uongo, na kila mwanafunzi aje aweke kidole mahali anapoona tofauti. Wale wasio na simu wasome ya jirani, lakini namba ya siri asiulizwe mtu. Tutasahihisha katika kipindi kijacho.