Mkojo Kukutoka Unapokohoa: Kuna Mazoezi ya Kutibu

Unapiga chafya, mkojo unakutoka kidogo. Unacheka na wenzako kwenye chama, leso inalowa. Unainua mtungi wa lita 20, mambo ni yale yale. Wanawake wengi huishi na hali hii miaka mingi bila kumwambia mtu, wakidhani ndiyo ada ya kuzaa au ya uzee. Hali hii huwapata wengi, ni kweli, lakini ina tiba, na tiba ya kwanza si dawa wala upasuaji.

Kibofu hushikiliwa kutoka chini na misuli ya nyonga, iliyotandaa kutoka mfupa wa mbele hadi mwisho wa uti wa mgongo. Mimba, kujifungua, kukoma hedhi, unene na kikohozi cha muda mrefu huilegeza. Kama misuli ya mkono, nayo hupata nguvu ikifanyishwa kazi. Daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu mazoezi yake mwaka 1948, ndiyo maana wahudumu wa afya huyaita mazoezi ya Kegel.

Kazi ni kuipata misuli yenyewe. Keti au lala chali, kisha kaza kana kwamba unazuia mkojo na ushuzi kwa wakati mmoja. Utahisi kitu kikivutwa juu kwa ndani. Matako na mapaja yasikaze, na usibane pumzi. Ukijikuta unasukuma chini kama anayejifungua, umekosea, anza upya. Kaza kwa sekunde 5, legeza kabisa kwa muda uo huo, na ukizoea ufike sekunde 10. Rudia mara 8 hadi 10, mara tatu kwa siku. Fanya hata ukiwa kwenye matatu au ukichambua sukuma, hakuna atakayejua. Ukihisi kikohozi kinakuja, kaza kwanza ndipo ukohoe.

Nafuu haiji kwa wiki moja. Endelea kwa angalau miezi 3, ingawa wengi huchoka mapema na kusema mazoezi hayafai. Usifanye mazoea ya kukatiza mkojo chooni, kwa maana kibofu huenda kisiishe vizuri. Wala usijinyime maji: mkojo mzito hukikera kibofu.

Lakini mkojo ukitiririka usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa kuzaa uliochukua muda mrefu, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo kwa kawaida huhitaji upasuaji, si mazoezi. Nenda hospitali. Usikawie pia ukiona damu kwenye mkojo, au ukipata maumivu na homa.

Mama aliyejifungua anaweza kulitaja jambo hili anapompeleka mtoto kliniki. Mwambie muuguzi waziwazi, hata asipokuuliza. Ikiwa huna hakika unakaza misuli inayofaa, omba uelekezwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia, akukague na kukufundisha.